Mstari Uliopewa Jina na Mtukufu

Hadithi hii si ya hapo kale. Ni ya juzijuzi, na nchi yenyewe si yenu, kwa hiyo kaeni kwa raha. Mkimwona ndani yake mtu mnayemfahamu, fumbeni macho tu, maana hata yeye akiwaona nyinyi hufumba.

Nchi yetu ina jua, ina mito, ina watu, na juu ya vyote hivyo ina Mtukufu Mpandishaji. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na kamati aliyoiteua. Tangu ashike hatamu kila kitu kimepanda: bei zimepanda, maji ya mafuriko yamepanda, na vumbi la barabara ya kwetu limepanda mpaka kwenye mapazia. Vitu vichache vilivyokataa kupanda viliondolewa kwenye takwimu, na sasa vinaishi kwa amani mahali ambapo hakuna anayevipima.

Mimi naitwa Mshamu. Nilikuwa Mkuu wa Zamu katika Idara ya Taifa ya Makofi. Msicheke. Wapigaji waliketi nyuma yangu, nyuma yao liliketi taifa, na wote walikuwa wakitazama viganja vyangu. Nikipiga, wanapiga. Nikituliza, wanatulia. Tulikuwa na makofi ya ufunguzi, makofi ya bajeti, makofi ya msiba wa kiongozi, na makofi ya kufunika. Haya ya mwisho ndiyo magumu. Kanuni yake inasema kwamba mtu yeyote akifungua mdomo baada ya Mtukufu kusema, apigiwe makofi kwa heshima zote mpaka aufunge.

Tuna desturi nyingine ambayo wageni hawaielewi upesi. Kwetu hakuna kitu chenye jina mpaka Mtukufu akipe. Daraja likijengwa, watu hulivuka miaka wasijue wanavuka nini, mpaka atakapopata nafasi. Mapacha wa jirani yangu walifika darasa la pili wakiitwa Huyu na Yule, kwa sababu ratiba yake ilikuwa imebana.

Basi hata kwenye Maonyesho ya Mistari ndivyo ilivyo. Kila mwaka kila wizara huleta mstari wa maendeleo yake, umechorwa kwenye ubao mkubwa, umefunikwa shuka, bila neno hata moja. Maafisa wa itifaki hupita asubuhi na msasa wakisugua herufi yoyote iliyosahaulika. Mtukufu hufunua shuka, hutazama, hutoa jina, nasi hupiga makofi.

*

Mwaka huo mambo yalianza vibaya. Mstari wa Wizara ya Umeme ulikuwa umelala chali kama mlevi, na Mtukufu akaupa jina la Subira. Mstari wa Kilimo ulipanda na kushuka mfano wa meno ya msumeno. Akauita Milima Yetu, lakini bila furaha. Alipofika kwa Wizara ya Afya uso ulikuwa umekunjamana, na Waziri Sifuni Tambaza alikuwa amekwisha kuanza kutazama mlango.

Ubao wa Afya uliletwa na Daktari Fikirini, bwana mrefu ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi. Kwa miaka mingi alikuwa akifuatilia maradhi mamoja tu, uvimbe wa utumbo. Si minyoo, si amiba, si chango, wala hayaambukizi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na adui, huamka siku moja ikaanza kuupiga utumbo wa mwenyewe. Mgonjwa husokotwa tumbo, huhara damu, hukonda. Maradhi hayaishi kabisa, lakini yapo madawa yanayoyatuliza, na aliyetulizwa huishi kama mtu yeyote. Mimi nilipoelezwa kwamba mlinzi anaweza kumpiga anayemlinda, nilimwambia daktari kwamba jambo la namna hiyo katika nchi yetu haliwezekani.

Zamani wagonjwa hao walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Mwaka hadi mwaka wakaongezeka, polepole kwanza, kisha kwa kasi, hasa mijini. Daktari alisema sehemu ya ongezeko ni kwamba sasa hospitali ina kamera ya kuchungulia utumbo, na anayechungulia huona. Sehemu nyingine ni ongezeko la kweli. Sababu zote hazijulikani. Alishuku vyakula vya viwandani, maisha ya mjini, viuavijasumu vinavyomezwa kama karanga, na damu ya ukoo. Alileta mstari wake ili aombe mambo mawili, dawa zaidi na kamera ya pili.

Mtukufu akafunua shuka. Mstari ulianzia chini kabisa, mwaka uleule alioshika hatamu. Ukapanda taratibu, ukakaza mwendo, ukaishia karibu na ukingo wa juu wa ubao. Mtukufu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Niliona macho yake yakilengwa na machozi.

"Huu," alisema. "Huu sasa ndio mstari. Wengine wote mmeniletea nyufa. Naupa jina la Mstari wa Neema. Ni wa wizara gani?"

"Ya Afya, Mtukufu," alisema Waziri Tambaza, akiacha kutazama mlango.

"Na kinachopanda ni nini?"

Waziri alimtazama daktari. Daktari akafungua mdomo. "Mtukufu, hao ni wagon..."

Nikapiga makofi. Kanuni ni kanuni, na mdomo ulikuwa wazi. Ukumbi mzima ukapiga, daktari akawa anachezesha midomo kama samaki aliyetolewa majini, mpaka akachoka akaifunga.

"Sikusikia vizuri, lakini nimeelewa," alisema Mtukufu. "Nataka upande mara mbili kabla ya Siku ya Taifa."

Neno la Mtukufu likishatoka halirudi. Wote mle ukumbini walijua hivyo, na wengi wao hawakujua kinachopanda. Mimi nilijua. Mke wangu alikuwa ndani ya ule mstari.

*

Mke wangu anaitwa Mwanaidi, ni fundi cherehani. Miaka mingi alitibiwa amiba ambayo hakuwa nayo, kisha minyoo ambayo hakuwa nayo, na mganga mmoja akagundua kwamba mchawi ni shangazi yangu, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki. Alikonda mpaka pete ya ndoa akaifunga uzi.

Miaka hiyo ilimfundisha mji kwa vyoo vyake. Ukimuuliza njia ya kwenda posta hakuambii kata kulia kwenye mnara. Anakuambia pita msikitini, kisha shule ya msingi, kisha baa ya Mapumziko, wana choo safi na hawaulizi maswali. Barabara ya Mikoroshini, ambayo ndiyo ya mkato na ina kivuli cha kupendeza, hakuikanyaga, kwa sababu toka mwanzo hadi mwisho haina choo hata kimoja.

Kisha akakutana na Daktari Fikirini na kamera yake. Alipewa vidonge vya rangi ya manjano, vya kila siku. Damu ikakata. Mwili ukarudi. Akaanza kuitaja Mikoroshini: mwezi ujao nitapita, aliniambia, nikiwa na uhakika kidogo zaidi nitapita.

Jioni ya Maonyesho nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kikazi. "Hongera, mke wangu," nikasema. "Umeingia kwenye Mstari wa Neema."

Nikamsimulia. Alisikiliza huku akikata kitambaa.

"Na daktari alisema nini?" akauliza.

"Sikusikia. Palikuwa na makofi."

"Makofi aliyaanzisha nani?"

"Mdomo ulikuwa wazi, Mwanaidi."

Akaweka mkasi chini. "Mshamu," alisema, "hivi mimi nimeolewa na mtu au na viganja?"

Nilimweleza kwamba swali hilo linahusu utumishi wa umma, na mimi si msemaji. Akaendelea kukata kitambaa, na usiku huo chakula nilijipakulia mwenyewe.

*

Serikali yetu huwa haichezi na agizo. Wiki hiyohiyo Daktari Fikirini alipandishwa cheo akapelekwa Shirika la Chumvi kuwa Mtaalamu Mwandamizi wa Mawimbi, kule ambako hakuna utumbo wa kuchungulia. Kisha kabati la vidonge vya manjano hospitalini likafungwa kufuli mbili. Waziri Tambaza alieleza redioni, kwa sauti yake ile ya kutoka tumboni, kwamba wataalamu wamegundua jambo la kusikitisha: kila anayemeza kidonge hutoka kwenye mstari. "Ndugu wananchi," alisema, "kupona ovyoovyo ni kuwahujumu wenzenu wanaojituma."

Wilaya zikaingia mashindanoni. Mkuu wa Wilaya ya Bondeni alileta idadi ya wagonjwa iliyozidi idadi ya wakazi. Alipoulizwa alisema amejumlisha wageni na mimba. Mkuu wa Wilaya ya Nyanda yeye aliamuru gwaride la kila asubuhi, wananchi waliovaa sare wakikimbia kwa hatua kuelekea chooni wameshika matumbo, bendi ikipiga. Mwenzake wa jirani, ambaye hakuwa na bendi, alivunja vyoo vya soko na kubakiza kimoja, ili foleni ionekane tangu barabara kuu na wageni wapige picha.

Wagonjwa bandia walikuwa wengi na wenye afya. Waliimba vizuri, walipendeza kwenye picha. Wagonjwa wa kweli hawakufaa kwa gwaride, kwa kuwa walikuwa wakitoka kwenye mstari kwenda chooni kikwelikweli na kuharibu hatua.

Vidonge vya Mwanaidi viliisha. Kwa siku chache hakikutokea kitu, nami nikajipa moyo kwamba labda mwili umesahau. Mwili haukusahau. Tumbo lilianza kumsokota, damu ikarudi, cherehani ikawa inanyamaza kila mara naye anakimbilia uani. Hakuitaja tena Mikoroshini. Baadaye hakwenda hata posta. Nilimwona akiyapunguza magauni yake mwenyewe, mshono baada ya mshono, na niliogopa. Nasema wazi, niliogopa, na woga huo haukuwa na kanuni yoyote ya kuniongoza.

Siku moja mjumbe wetu, Mzee Kilindo, alibisha hodi amevaa koti la sherehe.

"Shemeji, hongera sana," alimwambia Mwanaidi, ambaye alikuwa amejilaza kwenye mkeka. "Mtaa mzima unajivunia wewe. Wenzako wote wameonekana ni wa kuigiza. Umechaguliwa Mgonjwa wa Mfano wa Taifa. Siku ya Taifa utavishwa nishani na Mtukufu kwa mkono wake."

Mwanaidi akafungua macho. "Nishani hiyo, mjumbe," akauliza, "inamezwa kwa maji au kwa uji?"

Mzee Kilindo alicheka kidogo, akaona hakuna anayemsaidia kucheka, akaaga.

*

Nilikwenda kwa Waziri Tambaza. Nilivaa tai ya idara, nikasimama mbele ya meza yake nikiwa nimeifumbata mikono, ambayo ndiyo heshima yetu ya juu. Nyuma yake ukutani ilitundikwa ramani ya taifa, na katikati ya ramani, palepale penye ziwa kuu, palikuwa na kitasa cha mlango.

"Mheshimiwa, naomba vidonge vya mke wangu. Vichache tu."

"Ndugu Mshamu," alisema, "tufikirie kama wazalendo. Mkeo ni nguzo. Ukiitoa nguzo, paa litakuwaje? Wewe mwenyewe umeupigia makofi mstari huu. Viganja vyako vimo ndani ya neema hii. Leo unataka kulinyang'anya taifa mgonjwa wake bora, tena wa kweli, kwa sababu ya mapenzi ya nyumbani? Je, kila mume akimpenda mkewe, tutafika wapi?"

Alikuwa na mengi ya kusema, lakini hapo akashika tumbo, jasho likamtoka kwenye kipaji, akainuka, akafungua ziwa kuu, akaingia. Nilisubiri. Aliporudi alivuta mtoto wa meza, akatoa chupa ya vidonge vya manjano, akameza kimoja kwa chai iliyopoa.

"Mheshimiwa," nikasema polepole, "kumbe nanyi mnaumwa?"

"Mimi siumwi," alisema Waziri. "Viongozi hatuhesabiwi katika idadi ya watu, Ndugu Mshamu. Sisi ndio wenye idadi." Akafunga mtoto wa meza kwa ufunguo. "Na nikikupa hata kimoja, mkeo atanenepa mbele ya Mtukufu. Unataka tufe?"

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu anayeyaficha yake na kuyatangaza ya mwenzake. Nadhani katika zama zao kiongozi wa aina hiyo alikuwa hajapanda.

*

Siku ya Taifa ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Ubao wa Mstari wa Neema ulisimamishwa jukwaani, umepakwa rangi upya, ncha ya mstari imeongezewa kipande cha mbao kwa kuwa ubao wenyewe haukutosha. Katika nchi yetu mwananchi haruhusiwi kutoka ukumbini Mtukufu akihutubia. Viongozi nao hawatoki. Wao huenda nyuma ya jukwaa kushauriana, na siku hiyo nilitambua kwamba walikuwa na mambo mengi sana ya kushauriana, maana viti vyao vilikuwa vikibaki wazi kimoja baada ya kingine.

Mwanaidi aliuliza mapema choo kilipo. Afisa wa itifaki akamjibu kwamba kilichopo ni cha viongozi, nyuma ya jukwaa, na Mgonjwa wa Mfano anatarajiwa kuwa mfano.

Alipoitwa, alipanda ngazi akishika ukuta. Mtukufu alimvisha nishani, na akampa kisanduku chake chenye kitambaa cha mahameli ndani. Alimtazama mke wangu kwa mapenzi ya baba kwa mwanawe, na sina shaka mapenzi hayo yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo la kutisha.

"Mama," alisema kwenye maikrofoni, "liambie taifa siri ya mafanikio yako."

Mwanaidi akafungua mdomo.

Ukumbi wote ulinigeukia. Nilisikia wapigaji wangu wakinyanyua mikono nyuma yangu wakisubiri. Naijua kanuni kama ninavyolijua jina langu. Viganja vyangu vilikuwa juu ya magoti, na nikaviacha hapohapo.

"Mtukufu," alisema Mwanaidi, na kila mtu akasikia, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kusikia. "Mimi sina mafanikio. Mimi ni mgonjwa. Huo mstari ni sisi wagonjwa, na ulikuwa ukipanda miaka yote hii tukiambiwa ni minyoo. Mimi nahara damu. Dawa ninaijua, na nilipoimeza nilipona, mkaifungia kabatini. Nishani nashukuru. Naomba dawa yangu."

Kimya kilichofuata hakijawahi kutokea nchini mwetu. Nadhani hata Mtukufu hakuwa amewahi kukisikia, kwa sababu alitazama dari kutafuta kilikotoka. Kisha akamgeukia Waziri Tambaza.

"Ni kweli kinachopanda ni ugonjwa?"

"Mtukufu," alisema Waziri, "inategemea mtu amesimama upande gani wa ubao."

"Basi ugeuzeni."

Maafisa wa itifaki wakaurukia ubao, wakaupindua juu chini. Tukautazama. Mstari ulikuwa bado unapanda. Ulianzia kona ya kushoto chini ukaishia kulia juu, na safari hii ulikuwa unakimbia tangu mwanzo. Waziri akasema wameupindua vibaya. Wakaupindua tena, ukawa vile ulivyokuwa. Wakaupindua mara nyingine, ukapanda. Afisa mmoja alianza kulia. Mwishowe wakaulaza ubavu, na hapo mstari ukawa unashuka toka juu hadi sakafuni.

"Umeshuka, Mtukufu," alisema Waziri, akihema. "Mbele ya macho yako ugonjwa umekwisha nchini."

Akatazama upande wangu kusubiri makofi, na ukumbi nao ukatazama. Mimi sikuwa kwenye kiti. Nilikuwa jukwaani, nikimwongoza mke wangu kwenda mlango wa nyuma, kwa sababu alikuwa ameniambia kwa macho kwamba hawezi kungoja, na mikono yangu yote miwili ilikuwa imemshika yeye.

*

Nyuma ya jukwaa tulilikuta Baraza la Mawaziri. Walikuwa kwenye korido nyembamba, wamepanga foleni mpaka kwenye mlango wa choo, matumbo mikononi. Waziri wa Umeme alikuwa wa kwanza, wa Kilimo wa pili, nyuma yao majenerali wawili waliokuwa wamefungua mikanda. Hakuna aliyekuwa akishauriana.

"Nipisheni, waheshimiwa," alisema Mwanaidi. "Mimi ndiye mwenye nishani."

Wakampisha. Alipotoka alikuwa mweupe midomo lakini amesimama wima. Akafungua kisanduku cha nishani, akakinyoosha mbele ya Waziri wa Umeme.

"Maikrofoni kule bado iko wazi," alisema kwa upole. "Na majina yenu ninayajua, mlipewa zamani."

Waziri wa Umeme akaingiza mkono mfukoni. Vidonge vya manjano vikaanguka kwenye mahameli. Waziri wa Kilimo akatoa vyake, na majenerali wakatoa, na foleni yote ikatoa mpaka mtu wa mwisho, ambaye alikuwa katibu wa itifaki.

*

Kesho yake redio ilitangaza kwamba uvimbe wa utumbo umetokomezwa. Kwa kuwa ugonjwa hauko, dawa yake haihitajiki, na kabati likaongezewa kufuli ya tatu. Mimi niliachishwa kazi, na viganja vyangu vikapewa amri ya kutokutana hadharani. Sasa nashona vifungo. Kwa kushona vifungo mtu hutumia mkono mmoja mmoja, basi sheria siivunji.

Kisanduku kilimrudishia mke wangu nguvu, lakini kisanduku si ghala. Na habari ilikuwa imeshaenea. Walianza kuja wengine, binti wa muuza mkaa, mwalimu wa hesabu, mama na mwanawe aliyedumaa. Mwanaidi aligawa mpaka tukaanza kuona kitambaa cha mahameli. Daktari Fikirini alikuwa akitoka Shirika la Chumvi siku za mapumziko, akisema anakuja kupunguza suruali, na nyuma ya pazia la kupimia nguo akawapima. Hesabu zake zilikuwa kichwani, na siku moja akauchora upya ule mstari kwa chaki ya fundi juu ya kitambaa.

Mwanaidi aliutazama muda mrefu. "Unafaa kukaa kwenye mji wa kanga," alisema.

"Utapigwa msasa," nikasema.

"Nani apige kanga msasa? Na lini uliona kanga isiyo na jina? Hata mwehu hanunui."

Akachora pindo la vidonge vya manjano. Katikati, kwenye mji, akaweka mstari unaopanda. Chini yake akaweka jina, kwa herufi kubwa: MAKOFI SI DAWA. Mwenye kiwanda kidogo cha kuchapa vitambaa, ambaye mwanawe alikuwa mmoja wa wagonjwa wetu, alizichapa bila kuuliza. Ziliisha. Akachapa tena. Wake wa mawaziri walituma watumishi wao kununua doti, na chini ya vikapu walivyotuma tulikuta vidonge.

Serikali ilitangaza kwamba kanga hiyo haipo. Basi wanawake wakawa wanavaa kanga isiyokuwepo, sokoni, msibani, arusini, na polisi hawakuwa na la kukamata.

Mwezi uliofuata Mtukufu alipita mtaani kwetu akienda kutoa jina la daraja. Wanawake walikuwa wameamriwa kujipanga barabarani kushangilia, nao wakajipanga wakiwa wamejifunga kanga zao. Toka garini aliuona mstari ukipanda kwenye vifua na mabegani, barabara nzima. Akasimamisha msafara. Akashuka anatabasamu, na midomo yake ilikuwa tayari kutoa jina, niliiona mwenyewe nikiwa mlangoni na sindano yangu.

"Mstari huu umeletwa na nani?" akauliza. "Unaitwa..."

"Una jina tayari, baba," alisema bibi mmoja aliyekuwa mbele yake, na akageuka nyuma ili Mtukufu alisome vizuri, kwa sababu jina la kanga huja kiunoni.

Mtukufu akasoma. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Aliyepewa nafasi yangu kule idarani alinyanyua mikono, akatazama huku na huku asijue hapa ni makofi gani, akaishusha. Mtukufu alibaki amesimama katikati ya barabara mbele ya mstari wa kwanza maishani mwake uliokuwa na jina kabla yake. Kisha mkono wake mmoja ukaenda tumboni, taratibu, ukakaa hapo, na akarudi garini. Daraja mpaka leo halina jina.

Wengine wanasema alielewa. Wengine wanasema tumbo lake ndilo lililoelewa kwanza. Mimi si msemaji. Ninachojua ni kwamba wiki iliyofuata kabati lilifunguliwa, na Daktari Fikirini akaonekana hospitalini, viatu vyake vimeganda chumvi. Hapakuwa na hotuba, wala hakuna aliyepiga makofi.

Mwanaidi alipanga foleni pamoja na wengine, akachukua vidonge vyake. Nilimngoja getini ili turudi kwa njia yetu ya siku zote, baa ya Mapumziko, shule, msikiti. Yeye akanipita, akakata kushoto, akaingia Barabara ya Mikoroshini, nami nikamfuata.